Madumu Sita ya Bahari

Maskati, Ijumaa usiku

Leo alfajiri tumeleta madumu sita ya maji ya bahari kutoka Sidab, kijiji cha wavuvi hapa Maskati, na maji yake sasa yamo katika pipa la bluu ndani ya stoo, pampu ndogo ikiyazungusha na jiwe la hewa likitoa mapovu chini. Mwanangu ameuliza kwa nini pampu ifanye kazi usiku kucha wakati pipa halina hata samaki mmoja. Nimemjibu kwamba pipa hilo limejaa viumbe, ila macho yake hayawaoni, na kwamba mimi mwenyewe sikulijua hilo mpaka liliponitia hasara.

Kwa miaka yangu ya mwanzo ya kufuga matumbawe katika tangi la nyumbani nilitumia maji ya bomba na chumvi ya dukani. Anayeishi mji huu anajua kwamba maji ya bomba hapa, kwa sehemu kubwa, ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Mtambo wa Ghubra ulianza kazi hiyo tangu mwaka 1976. Kwa hiyo nilikuwa nikichukua maji yaliyokwisha kutolewa chumvi kwa gharama kubwa, nikiyachuja tena ili kuondoa klorini, kisha nikiyarudishia chumvi iliyosafirishwa kutoka Ulaya. Ami yangu, mzaliwa wa Unguja ambaye amevua tangu utotoni, siku moja aliiona ndoo ya chumvi akauliza bei. Nilipomtajia alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, wanunua bahari, na bahari hiyo hapo?" Niliona haya, na wiki ile ile nikanunua madumu.

Hasara ilikuja mwezi wa Juni. Nilijaza madumu mpaka shingoni, nikakaza mifuniko, nikayaacha siku nne katika gereji ambayo wakati huo huwa kama tanuri. Nilipofungua la kwanza lilikuwa na harufu kidogo, nikaidhani kuwa ni shombo ya kawaida, nikamimina madumu mawili katika tangi bila kupima. Kufikia jioni matumbawe yote yalikuwa yamenywea, na asubuhi nikakuta konokono wanne wameanguka chini, midomo juu. Dumu la tatu lilinuka mayai viza waziwazi. Ndipo nilipopima amonia, sumu itokanayo na uozo, na maji ya kipimo, ambayo hubaki ya manjano pakiwa salama, yakawa kijani kama jani la mgomba. Vijidudu vya bahari vilivyofungiwa gizani bila hewa vilikuwa vimekufa, vikaoza, vikamaliza oksijeni yote iliyokuwamo. Ubaya wa amonia ni kwamba katika maji ya bahari, ambayo pH yake, yaani kipimo cha uchachu, huwa karibu na 8.1, na hasa yakiwa ya moto, sumu yake huwa kali kuliko katika maji baridi ya mtoni.

Tangu hapo nina njia mbili tu: ama niyatumie maji siku ile ile nilipoyateka, ama niyachuje kwa mfuko wa mikroni 5, wenye matundu madogo mno, na kuyaweka gizani kwa muda wa wiki mbili hivi, yakizungushwa na kupigwa hewa bila kukatishwa. Baadhi ya wenzangu huyaua kabisa kwa klorini, kisha huiondoa klorini kwa thiosulfeti ya sodiamu. Njia hiyo ni sahihi, lakini mimi siipendi. Kama lengo lilikuwa kupata maji yasiyo na uhai, basi heri ningebaki na ndoo yangu ya chumvi.

Kuteka kwenyewe kuna adabu zake. Hatuteki ufukweni, wala karibu na mdomo wa wadi, yaani bonde linalopitisha maji mvua inaponyesha, baada ya mvua, wala upande ambako mitambo hurudisha baharini maji ya chumvi kali. Tunatoka na boti mpaka nje ya rasi wakati maji yanajaa, nahodha anazima injini, nasi tunakwenda gubeti, mbele ya boti, upande unaotoka upepo, ili utando wa petroli ubaki nyuma yetu. Dumu halijazwi juu juu, kwa sababu ngozi ya bahari ndiyo inayobeba mafuta na vumbi. Hulishusha likiwa limefungwa, mkono ukizama mpaka kwapani, na huko chini ndiko ninakofungua mfuniko. Leo maji yalikuwa ya baridi, na mwanangu alicheka alipoona kanzu yangu imelowa mpaka kifuani. Ndoo na vyombo vyote ni vya plastiki. Kiungio kimoja cha shaba kinatosha kuwaua kamba na konokono.

Nimepima mara tu tulipofika. Refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi, imeonyesha chumvi sehemu 37 kwa elfu, jambo ambalo halinishangazi, kwa kuwa bahari yetu hii ni kali kuliko bahari kuu kwa sababu ya jua na uchache wa mvua. Tangi langu liko 35, hivyo lita 120 zimehitaji lita saba hivi za maji matamu, nami nimetumia ya bomba yaliyochujwa. Kalsiamu na alkali zote zilikuwa mahali pake, hiyo ya pili digrii 7 kwa kipimo cha Kijerumani tulichokizoea wafugaji, na nitreti haikuonekana.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo chupa zangu haziwezi kulipima. Kuanzia mwaka 2008 hadi 2009 bahari hii ilipatwa na maji mekundu, mwani mdogo mno uliotapakaa kiasi cha kuua samaki wengi na kusimamisha baadhi ya mitambo ya maji. Kila mwisho wa baridi huja mwani mwingine wa kijani, ule unaong'aa usiku boti inapoukata. Maji ya namna hiyo yanaweza kupita vipimo vyote saa ya kutekwa na yakaharibu tangi siku ya pili. Mwezi uliopita tulifika nje ya rasi, ami akachota kwa kiganja, akayanusa, akayaangalia dhidi ya mwanga, akasema turudi. Tulirudi na madumu matupu na kulipa petroli ya bure. Nilinuna njia nzima, nami nakiri kwamba sikuwa na hoja ya kumpinga.

Kabla ya kuandika haya nimekwenda tena stoo na kupima amonia. Imeanza kugeuka, manjano yenye ukijani kwa mbali sana, unaoonekana tu ukiiweka chupa juu ya karatasi nyeupe. Nimeongeza jiwe la pili la hewa na kuwasha kiyoyozi. Nitapima tena Jumapili.