Nilivyomtafuta Gaster kwa kalamu tatu

Kwa miaka mingi nilikuwa nawaambia watu kwamba Gaster, mhusika wa gemu ya Undertale, ni baba yao Sans na Papyrus, wale ndugu wawili wa mifupa mitupu. Nilikuwa nalisema kama mtu anayetaja ukoo wake mwenyewe. Siku moja rafiki yangu, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza Undertale, akaniuliza: "Mbona mimi huyo sijakutana naye? Nimeruka wapi?" Nikafungua mdomo nimwelekeze, nikakosa pa kumpeleka. Karibu yote niliyoyajua juu ya Gaster nilikuwa nimeyapata kwa mashabiki wenzangu, si kwenye gemu.

Jambo hilo lilinichoma. Gemu hii ya Toby Fox iliyotoka Septemba 2015 ndiyo niipendayo kuliko zote, na Gaster ndiye fumbo lake kubwa. Alikuwa mwanasayansi wa mfalme kabla ya Alphys, akatoweka. Unaweza kuicheza mwanzo hadi mwisho, kwa upole au kwa kuua kila kiumbe, na jina lake usilisikie hata mara moja. Nikaamua kumtafuta upya kana kwamba sijawahi kuambiwa lolote. Nilichukua daftari na kalamu tatu. Nyeusi iliandika yale ambayo mchezaji anaweza kukutana nayo ndani ya gemu, hata kwa bahati nasibu. Bluu iliandika yaliyofichwa kwenye mafaili, ambayo huwezi kuyafikia bila kuyachokonoa. Nyekundu ikawa ya yale tunayoyasema sisi.

Nilianza na jambo jepesi. Pale mwanzoni unapoombwa jina la mtoto aliyeanguka kwenye ulimwengu wa viumbe ulio chini ya ardhi, niliandika GASTER. Gemu haikujibu neno. Ilijianzisha upya papo hapo. Wino mweusi, mstari wa kwanza.

Baada ya hapo nilihitaji kuielewa "fun". Ukianza mchezo mpya, gemu inachagua kimyakimya namba kati ya 1 na 100 na kuihifadhi, na namba hiyo ndiyo inayoamua ni mambo gani adimu yanaweza kukutokea. Wafuasi wa Gaster wako kwenye 61, 62 na 63. Mlango wa kijivu uko kwenye 66. Badala ya kusubiri bahati, nilifungua faili la undertale.ini kwa programu ya kawaida ya kuandikia, nikatafuta neno "fun" na kubadilisha namba iliyo mbele yake. Ukitaka kujaribu, nakili kwanza folda yote ya sevu uiweke mahali pengine. Mimi mara ya kwanza sikunakili, nikapoteza sevu ambayo nilikuwa nimefanya urafiki na kila kiumbe, zimebaki hatua chache nifike mwisho. Siku ile sikugusa tena kompyuta.

Wafuasi ni watatu, wote wa kijivu, na kila mmoja nilimkuta peke yake, kwa namba yake, kwenye eneo la gemu liitwalo Hotland. Niliyaandika maneno yao taratibu, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwa mtu. Hawakubaliani. Mmoja anasema daktari, yaani Gaster, aliunda CORE, ule mtambo wa nishati, kisha siku moja akatumbukia ndani ya alichokiunda. Mwingine anasema majaribio yake yalikwenda mrama, anakatiza hapo hapo, kwa sababu si adabu kumsema mtu anayekusikiliza. Wa tatu anasema alivunjika vipandevipande vikatawanyika katika wakati na anga, halafu anaongeza kwamba kipande kimoja anacho yeye, mkononi. Katika masimulizi yetu mashabiki tumeviunganisha vitatu hivi kuwa tukio moja: jaribio likaharibika, akatumbukia, akavunjika. Inawezekana kabisa. Lakini gemu haikuviunganisha. Imetupa mashahidi watatu, na hakuna hata mmoja anayesema aliona kwa macho yake.

Chumba namba 264 ndicho kilichonichukua muda mrefu zaidi. Hakuna namba ya fun itakayokufikisha humo. Lazima ubadilishe namba ya chumba kwenye sevu, kwa hiyo nilishika kalamu ya bluu. Ndani kuna maandishi ya alama tupu zinazopita kwenye skrini. Ni fonti ya Wingdings, ile ya Microsoft ya mwaka 1990. Tafsiri yake imeshasambaa kila mahali, ila nilitaka kuisoma mwenyewe. Nikaandika alfabeti yote kwenye kompyuta, A mpaka Z, nikaigeuza kuwa Wingdings na kuichora kwenye daftari kama ufunguo. Kisha nikaanza: kidole gumba kinachoelekea chini, D. Vidole viwili vilivyopanuliwa, A. Jua, R. Uso usiocheka wala kununa, K. "Dark." Giza. Nilijua tangu zamani kwamba neno hilo limo, lakini kulitoa herufi moja baada ya nyingine kulinisisimua mwili. Maandishi yanajiita ingizo namba 17. Yanazungumzia giza linalozidi kukua na vivuli vinavyokata kwa kina zaidi, kisha yanataja jaribio linalofuata kuwa la kuvutia mno. Mwisho kuna swali: ninyi wawili mnaonaje?

Nilipokuwa nachora ule ufunguo niliona jambo lingine. Kuanzia A hadi I, herufi tisa mfululizo, zote ni mikono. Na yule mwendesha mashua wa mtoni, ambaye husema maneno tofauti kila ukipanda mashua yake, mara nyingine huonya ujihadhari na mtu anayezungumza kwa mikono. Niliacha kalamu nikasimama. Najua si mimi wa kwanza kuona, mashabiki waliliona siku nyingi. Lakini mimi nilikuwa nalirudia tu bila kujua limetoka wapi, na sasa nilikuwa nimelifikia kwa miguu yangu. Hata hivyo nililiandika kwa uangalifu. Onyo la mwendesha mashua ni jeusi. Wingdings ni ya bluu. Daraja kati ya viwili hivyo ni letu, kwa hiyo ni jekundu, ingawa naliamini kuliko yote.

Mlango wa kijivu ulinichosha. Hata ukiwa na 66 hautokei kila mara. Nilipita korido ile ya Waterfall, eneo jingine la gemu, nikarudi kwenye sehemu ya kusevu, nikapita tena, jioni mbili. Ulipotokea nilikaribia kuupita. Ndani kuna chumba kidogo na kiumbe mmoja amesimama, uso mweupe wenye nyufa mbili, moja inapanda juu kutoka kwenye jicho, nyingine inashuka kutoka la pili. Nikamsogelea, nikabonyeza kitufe cha kuzungumza, akatoweka kwa mlio. Basi. Hakusema jina. Nilichungulia mafaili kuona anaitwaje humo: "mysteryman". Mtu wa fumbo. Nilikaa nikalitazama neno hilo kwa muda. Kila picha ya Gaster niliyowahi kuipenda, yenye koti refu jeusi na mikono yenye matundu katikati ya viganja, imejengwa juu ya kiumbe huyu ambaye gemu haijasema popote kuwa ndiye Gaster. Koti na matundu ni kazi ya mashabiki. Kazi nzuri sana, lakini ni nyekundu.

Kuhusu ubaba, nilijitahidi kuutetea, maana niliupenda. Sans anazungumza kwa fonti ya Comic Sans, Papyrus kwa fonti ya Papyrus, na daktari anatajwa kwa herufi W.D., ambazo ni rahisi kuzisoma kama Wingdings. Yale mafuvu anayotumia Sans kurusha miale yamepewa jina la Gaster ndani ya mafaili. Nyuma ya nyumba ya Sans kuna karakana yenye mashine iliyofunikwa na michoro ya mitambo yenye alama zisizosomeka. Nilipoifikia ile michoro nilidhani nimeshinda. Lakini gemu yenyewe inakuachia mashaka: huenda ni alama usizozijua, huenda ni mwandiko mbaya tu. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Hayo yote yanaonyesha uhusiano wa aina fulani kati ya Sans na Gaster, na sitakubali mtu aniambie ni bahati tu. Baba, hata hivyo, hayumo. Anaweza kuwa mwalimu wao, au mwenzake Sans kazini. Nililihamisha neno "baba" kutoka ukurasa mweusi, ambako nilikuwa nimeliandika siku ya kwanza kwa mazoea, nikalipeleka kwenye kurasa nyekundu. Liliniuma kidogo.

Nilipomaliza, wino mweusi haukujaza ukurasa mmoja. Wa bluu ulikuwa nusu ukurasa. Nyekundu zilikuwa kurasa kumi na moja.

Nikampelekea rafiki yangu daftari pamoja na zile namba, 61, 62, 63 na 66, ajitafutie mwenyewe. Akasoma ukurasa mweusi kwanza, akauliza, "Kwa hiyo si baba yao?" Nikamwambia hilo liko kwenye nyekundu. Akafunua mbele, akafika kwenye lile swali la ninyi wawili, ambapo nilikuwa nimeorodhesha wote waliowahi kutajwa: Sans na Papyrus, Sans na Alphys. Akaomba kalamu nyekundu, akaandika chini yake: "Mtoto aliyeanguka, na sisi tunaombonyezea vitufe."

Nilirudi na daftari nyumbani, nikawasha gemu, nikaweka 62.