Dogo kaniuliza kama ni tangawizi

Jamani leo nimemaliza daftari la pili la kuchora na mwenyewe siamini, maana mwezi wa tatu nilishalisukumia chini ya kitanda nikasema basi, hii kitu ina wenyewe. Nilikuwa nimechora mkono wa bibi akimenya ndizi za mtori, mdogo wangu akaja akaangalia weee akauliza "dada, hiyo ni tangawizi?" Nilicheka ila iliniuma.

Kilichonirudisha ni mlima. Hapa Moshi ukichelewa kuamka mawingu yashafunika, so nikajiwekea kwamba nikibandika tu maji ya chai natoka uani nachora vile vilele vya Kilimanjaro, Kibo na Mawenzi, mpaka yachemke, ikitoka mbaya poa tu, kesho mlima upo palepale. Na sio kwamba kila siku nilikuwa na mudi, kuna siku nimepiga mstari mmoja nikafunga daftari nikarudi kulala.

Ila huko huko ndo nikashtukia kosa langu, nilikuwa nachora ninachodhani kipo, sio ninachokiona. Kibo nilikuwa nakichongoa kama paa la nyumba kumbe juu kimekaa bapa, Mawenzi ndo yenye meno meno. Halafu penseli ya HB peke yake kivuli hakikolei, nilivyopata 4B, ile laini zaidi, weusi ukakubali.

Jana nikarudia mkono wa bibi. Dogo kaangalia kimyaa, kasema "vidole virefu sana." Vidole jamani! Ameona vidole!