Mguu Usio Wake

Lilikuwa jiwe la kusagia la miguu mitatu, kichwa cha jagwa, paka mkubwa wa Amerika anayefanana na chui, kimechomoza upande mmoja. Asili yake ni Nicoya, Kosta Rika, ukingo wa kusini wa Mesoamerika, eneo la tamaduni za kale za Meksiko na Amerika ya Kati, ambako mawe ya namna hii yalizikwa na wafu, mengi kati ya mwaka 300 na 700 hivi BK. Siku hiyo, katika ghala la makumbusho moja Marekani, tulitakiwa kulishusha rafuni, kulipiga picha na kuandika hali yake.

Halishikwi kichwa wala mguu. Vyote vilichongwa kutoka bonge moja la jiwe la volkano, bila chuma, kwa kugongagonga na kusugua, na pale mguu unapokutana na bamba la kusagia ndipo linapokatika. Tulibeba wawili, viganja chini ya bamba, tumevaa glavu za mpira. Za pamba huteleza, na nyuzi zake hunasa kwenye vitundu vya jiwe. Mezani tulilikalisha juu ya sponji nene. Miguu mitatu haiyumbi, lakini ukiegemea ukingo uliopita nje ya miguu, jiwe linapinduka.

Tukazima taa za dari, tukamulika tochi kwa ubavu. Kuzunguka shina la mguu mmoja kukatokea tuta jembamba, na vitundu vya mguu ule vilikuwa vikubwa kuliko vya bamba. Chini ya taa ya urujuanimno, tuta likang'aa weupe wa gundi.

"Usiandike umekarabatiwa," mama aliyetusimamia akaniambia. "Andika mguu si wake."

Wachimbaji wa magendo huvunja mawe haya wanapoyang'oa kwa haraka, na jiwe linalosimama lina bei kuliko lililo kilema. Ndiyo maana mguu wa jiwe jingine huazimwa.

Uso wa bamba ulikuwa umelainika katikati, kwa hiyo jiwe lilisaga kabla ya kuzikwa. Mswidi Carl Hartman, aliyechimba makaburi ya Las Huacas huko Nicoya mwaka 1903, aliandika kila kitu kilikutwa kaburi gani na kikiwa na nini. Makaburini mawe haya kwa kawaida hukutwa bila jiwe dogo la juu. Kwetu hakuna anayesaga unga bila hilo, na kwangu huo ni ushahidi mzito kwamba jagwa aliwekwa pale kwa heshima ya marehemu, si kwa chakula.

Kwa bahati mbaya uso ule uliwahi kusuguliwa kwa brashi na maji, na chembe za wanga ambazo zingeonyesha kilichosagwa zikaondoka. Chini ya bamba, nyuma ya shingo, vitundu vilikuwa bado na udongo. Hatukuugusa hata kwa brashi laini. Tulipiga picha, tukachora mahali ulipo, kisha kwenye kadi nikaandika kwa wino mweusi: LISIOSHWE.