Jioni Tuliyotengeneza Ramos Gin Fizz Malindi

Kinywaji kilichonifunza kazi ya kaunta kuliko vingine vyote nilishiriki kukitengeneza mwezi wa Desemba, mwishoni mwa miaka ya 1990, katika hoteli moja ya ufukweni mjini Malindi, wakati upepo wa kaskazi unavuma na wageni wa Kiitalia wamejaa vyumbani hadi Mwaka Mpya. Kinaitwa Ramos Gin Fizz. Wahudumu wa baa wa nchi nyingi hukiogopa, si kwa sababu viungo vyake ni vya siri au vipimo vyake vina utata, bali kwa sababu kinadai muda, mikono na barafu nzuri, na kaunta yenye wateja wengi huwa haina ziada ya lolote kati ya hayo matatu.

Kwa kawaida jioni zetu hazikuwa na mashaka. Waitalia walipenda Negroni, yaani jin, Campari, ambacho ni kileo chekundu chenye uchungu, na vermouth nyekundu, yaani divai iliyotiwa mitishamba, kwa vipimo vilivyo sawa, ikikorogwa na barafu na kutiwa kipande cha ganda la chungwa. Mhudumu makini huimaliza kabla mgeni hajatulia kitini. Wengine waliagiza dawa, kinywaji cha kwetu Kenya kilichopata umaarufu kupitia mkahawa wa Carnivore wa Nairobi, chenye vodka, ndimu, sukari na asali iliyozungushwa kwenye kijiti. Dawa nayo ina ugumu wake, kwa kuwa asali hukaza ikigusa barafu, na ndiyo maana mnywaji huachiwa kijiti aendelee kuponda ndimu na kuiyeyusha asali kidogo kidogo. Lakini ugumu huo humfikia mgeni mwenyewe, naye huufurahia.

Kiongozi wetu pale kaunta alikuwa mwenyeji wa Kaloleni, mwana wa mgema, na sisi vijana wawili tuliokuwa chini yake tulimwita Mzee kama walivyomwita wote, pamoja na meneja. Alisoma vitabu vya vinywaji kwa bidii ambayo sijaiona tena kwa mtu wa kazi hiyo, na alikuwa na msimamo thabiti kuhusu vinywaji vigumu. Blue Blazer, ambayo Jerry Thomas wa Marekani aliiweka katika kitabu chake cha mwaka 1862, hutengenezwa kwa kuwasha moto wiski iliyochanganywa na maji yanayochemka, kisha kuimimina kutoka kikombe kimoja hadi kingine huku mwali wa buluu ukining'inia baina ya mikono miwili. Mzee aliipiga marufuku. Baa yetu ilikuwa wazi pande tatu, upepo wa bahari ukiingia utakavyo, na juu yetu kulikuwa na paa la makuti lililokaushwa na jua la miaka mingi. Mtu yeyote aliyekaa Malindi anajua jinsi makuti yanavyowaka, na mimi naamini hadi leo kwamba mhudumu anayecheza na moto chini ya paa kama hilo hastahili kupewa ufunguo wa baa.

Pousse-café aliiruhusu. Hiyo ni bilauri nyembamba yenye vileo vya rangi mbalimbali vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka bila kuchanganyika, kila kimoja kikimiminwa polepole juu ya mgongo wa kijiko. Siri yake ni uzito: kilicho na sukari nyingi zaidi hukaa chini, kwa hiyo shira ya komamanga hutangulia na kileo kikali kisicho na sukari humalizia juu. Anayeujua mpangilio huo na ambaye mkono wake hautetemeki ataiweza. Ramos inataka kitu kingine, nacho ni nguvu ya mwili inayodumu.

Jioni ile alikuja kaunta mama mmoja wa makamo, Mmarekani mwenyeji wa New Orleans, aliyekuwa amekaa meza moja na Waitalia watatu. Aliuliza kwa upole kama tunaijua Ramos Gin Fizz. Mzee alimjibu kwamba anaijua kwa kuisoma, ila hajapata kuitengeneza Malindi, na mama yule akaanza kutusimulia habari zake kwa fahari ya mtu anayezungumzia chakula cha kwao. Henry Ramos, alisema, alianza kukiuza kinywaji hicho katika baa yake mjini humo mwaka 1888, na wateja walipozidi akaajiri vijana wa kutikisa tu, wakisimama mstari nyuma ya kaunta na kupokezana makopo ya kutikisia vinywaji. Husimuliwa kwamba wakati wa sherehe za Mardi Gras za mwaka 1915 vijana 35 walitikisa kwa zamu na bado hawakuwatosheleza watu. Marekani ilipopiga marufuku pombe mwaka 1920, marufuku iliyodumu hadi 1933, Ramos alikuwa amekwisha kufunga. Kisha mwaka 1935 Huey Long, seneta wa Louisiana, alimsafirisha mhudumu wa hoteli ya Roosevelt ya New Orleans hadi New York ili akawafundishe wahudumu wa huko kukitengeneza inavyopasa. Mzee alisikiliza habari hiyo ya mwisho kwa makini kuliko zote. Kiongozi wa nchi kumpandisha mhudumu wa baa safari ndefu kwa ajili ya ujuzi wa mikono yake, hilo lilimgusa, na lilinigusa mimi pia, kwa sababu kwetu nyumbani kazi yangu ilihesabiwa kuwa ni ya kufungua chupa.

Viungo karibu vyote tulikuwa navyo: jin, limau, ndimu, shira ya sukari, krimu, mayai na maji ya soda. Kilichokosekana ni maji ya maua ya mchungwa. Kijana mwenzangu alipendekeza tutie marashi ya waridi, ambayo hayakosekani katika mji wenye harusi na maulidi kama Malindi, lakini Mzee alikataa, akasema kwamba harufu ya waridi ni nzito na tamu, ilhali ya ua la mchungwa ina uchungu kidogo unaoelewana na limau. Akanituma jikoni, upande wa keki.

Aliyesimamia keki alikuwa mama wa mtaa wa Shela, mstahiki sana, ambaye kila Pasaka aliwapikia wageni pastiera, ile keki ya watu wa Napoli yenye ngano na jibini laini, ambayo haikamiliki bila maji hayohayo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo mmeishiwa na nini huko?"

Nilipomweleza, alifungua kabati na kutoa chupa ndogo iliyobaki tangu Pasaka, ikiwa imefungwa barabara. Alijua natoka kaunta, hakuuliza zaidi. Aliitia tone moja kwenye kiganja changu ninuse, kisha akaniusia: "Matone matatu kwa bilauri. Yakizidi, kitanuka sabuni."

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana ndipo penye mambo. Kila bilauri ilipata mililita 60 za jin, mililita 15 za maji ya limau na 15 za maji ya ndimu, mililita 30 za shira, mililita 30 za krimu, ute wa yai moja na yale matone matatu. Viungo hivi havipatani. Ute wa yai una protini ambazo zikitikiswa kwa nguvu hukunjuka na kushikana, zikafunga hewa ndani yake, na hilo ndilo povu. Mafuta ya krimu hulipinga povu hilo na kulilemea. Asidi ya limau na ndimu nayo inaweza kuigandisha krimu ikawa chengachenga kama maziwa yaliyochacha. Mtengenezaji anatakiwa kuvilazimisha vyote viwe kitu kimoja laini, na hana silaha nyingine ila mwendo na baridi. Mzee aliamuru krimu itolewe kwenye friji mwisho kabisa na itiwe wakati kopo liko tayari kufungwa, isipate nafasi ya kukaa na asidi. Pia alikataa tuweke vipimo vya watu wawili katika kopo moja, kwa kuwa kopo lililojaa halina pa kuingizia hewa.

Kwanza tulitikisa bila barafu, ili ute ukunjuke. Kisha ikaja barafu, na hapo ndipo hali ya hewa ya pwani ilipotupinga. Barafu ya mashine yetu ilikuwa vipande vidogo vyenye tundu katikati, na kwa joto la Desemba ilikuwa imekwisha kulowa kabla ya kutoka kwenye ndoo. Mzee alitikisa kopo la kwanza kwa muda mfupi, akasikiliza, akalifungua na kulimwaga lote kwenye beseni. Barafu iliyolowa, alituambia, huanza kwa kutia maji na huchelewa kutia baridi, na povu lenye maji mengi haliwezi kusimama. Katika jokofu la jikoni kulikuwa na barafu aliyokuwa akiigandisha mwenyewe katika sufuria kwa maji yaliyochemshwa, ngumu na angavu, aliyoiweka kwa wiski za wageni wa heshima. Tuliipasua kwa kisu kizito, tukaipangusa kwa kitambaa safi na kuanza upya.

Mzee alimwita mhudumu wa meza aje asaidie, tukawa wanne kwa makopo mawili. Tuliyazungushia vitambaa, si kwa urembo, bali kwa sababu kopo la chuma linaloganda ukungu wa barafu huunguza kiganja mtu asipolikinga. Unatikisa kwa mkono wote, kuanzia begani, mwendo mrefu usiopungua kasi. Mikono ikianza kulegea unampa mwenzako bila kulisimamisha kopo, naye anaupokea mwendo uleule. Mwanzoni barafu hugonga kwa kishindo, halafu sauti hupungua ukali, kisha huwa kama mvumo mzito, na mwisho barafu yote imekwisha na kopo liko kimya ingawa linaendelea kwenda. Mapokeo ya kinywaji hiki yanataka dakika 12 za kutikisa. Kwa maoni yangu muda huo uliwafaa wenye mstari wa vijana na wateja wanaofurahia kutazama. Kwa mhudumu wa kawaida sauti ndiyo kipimo cha haki, na barafu ikiwa ngumu kikweli kazi humalizika mapema zaidi. Wako wanaotumia mashine ya kusagia matunda, na sina ugomvi nao pale baa inapokuwa imeelemewa. Lakini mashine haikusikilizishi kitu, na mtu asiyesikia hatajua lini aache.

Baada ya kutikisa tulichuja katika bilauri ndefu zilizokuwa zimelazwa kwenye baridi, bila kuzijaza hadi juu, na Mzee akaziingiza kwenye friji. Vijana wenye haraka huiruka hatua hiyo. Povu linapotulia katika baridi hukaza, na likikaza huweza kubebwa. Kisha alizitoa, akatoboa tundu dogo katikati ya povu kwa kijiti cha dawa, na kupitia tundu hilo akamimina maji ya soda, uzi mwembamba usiokatika. Povu likaanza kupanda. Lilifika ukingoni, likaupita, likasimama juu ya bilauri limenyooka, upana wa vidole viwili hivi, jeupe, bila kumwagika pembeni.

Waitalia walipiga makofi. Mama wa New Orleans hakupiga. Alionja kwanza, akaweka bilauri chini, akauliza maji ya maua tumeyapata wapi. Mzee alimwambia ukweli, kwamba ni ya mama wa keki na ya Pasaka, naye akaomba apelekewe shukrani jikoni kwa jina lake. Bilauri mbili za kwanza zilikwenda kwake na kwa mzee wa Kiitalia aliyekuwa naye, na wakati wakinywa sisi tulikuwa tumekwisha kuanza mbili za pili, mabega yakitoa moto.

Povu lile lilionekana kutoka meza zote. Kabla hatujamaliza, wageni wengine walikuwa wakinyoosha vidole na kusema wanataka kile cheupe, na hapo nikaelewa kwa nini Ramos alihitaji vijana wengi kiasi kile: kinywaji hiki hujitangaza chenyewe wakati ambao mtengenezaji hana tena mikono ya kukitengeneza. Mzee alikwenda meza kwa meza, akawaomba radhi na kuwaeleza kwamba barafu yake imekwisha na krimu iliyobaki ni ya kifungua kinywa. Aliwatengenezea Negroni na dawa, na hakuna aliyekasirika.

Usiku, baada ya kufunga hesabu, alinipa daftari la kaunta niandike kwa kutaja kwake, kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka. Niliandika vipimo nilivyovitaja hapo juu, na chini yake masharti: kisiagizwe baada ya saa moja jioni; zisitengenezwe zaidi ya nne kwa mara moja; wawepo watu wanne; barafu iwe ya sufuria; krimu itoke mwisho. Kesho yake aliwasilisha ombi kwa meneja kwamba chupa mbili za maji ya maua ya mchungwa ziongezwe kwenye mzigo wa hoteli unaotoka Italia, moja ya kaunta na moja ya kumrudishia mama wa keki. Ziliwasili kabla ya mvua za masika, na ile ya jikoni alinituma mimi niipeleke.