Siku moja ya prof wa fizikia Lubumbashi: ndoo ya maji, Fouga na sekunde tatu

Saa 11 kasoro robo alfajiri

Naamka mapema juu mtaani kwetu Katuba umeme ukirudi usiku unaweza kuondoka wakati wowote, basi simu iko kwenye chaji na mimi niko mezani naandika mahesabu ya leo kwenye karatasi. Nafundisha fizikia, tano siantifiki, yaani darasa la tano la sekondari tawi la sayansi, na leo tunaingia kwenye mwendo wa duara. Kitabu kinaweka mfano wa gari kwenye kona. Mimi miaka minne sasa natumia ndege ya vita, na sababu yake nitaieleza, ni sababu ya nyumbani kwetu.

Mke wangu anauliza ndoo ya bafuni inaenda wapi. Namwambia inaenda shule. Ameshazoea.

Saa 12 na dakika 20

Taksi-basi imejaa hadi mlangoni, mvua ya usiku imeacha madimbwi kila mahali, ndoo iko kwenye mapaja yangu. Kwa mbali naona ile shemine, bomba refu la moshi la kampuni ya madini Gécamines, na kilima cheusi cha takataka za shaba, hivyo viwili kila mtu wa hapa anavijua tangu utoto. Vijana wawili mbele yangu wanaangalia video kwenye simu, ndege inashuka, inarusha kitu, moshi unapanda, na wao wanacheka "boum! umeona vile?" Siwalaumu, ukiwa juu ya skrini unaona moshi tu, huoni mtu. Lakini inaniuma kila mara, na njia yote nikawa nafikiri nianze somo vipi ili hata ile video ikija kwenye simu za wanafunzi wangu waiangalie kwa macho mengine.

Saa 1 na nusu

Bendera, wimbo, darasani. Wanafunzi 42, madawati hayatoshi, wengine watatu watatu.

Nikaandika ubaoni Élisabethville 1961, jina la zamani la Lubumbashi hii, chini yake Jadotville. Kijana mmoja akasema "Prof, hii ni histwaari, si fizikia." Nikamwambia subiri.

Nikawapa kwa kifupi. Jimbo letu la Katanga lilijitenga na Kongo Julai 1960. Mwanzoni mwa 1961 serikali ya Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga hiyo, ilipata ndege tatu za Fouga Magister, ndege ndogo ya Ufaransa iliyotengenezwa kwa kufundishia marubani, ina injini mbili za jeti na mkia wa umbo la V, mbele wakaipachika bunduki mbili za rashasha. Septemba 1961, mapigano na askari wa Umoja wa Mataifa yalipoanza mjini kwetu, ilikuwa imebaki moja tu inayoruka. Moja! Na hiyo moja, ambayo rubani wake anayetajwa sana ni Mbelgiji José Magain, ilisumbua jeshi zima kwa sababu Umoja wa Mataifa haukuwa na hata ndege moja ya vita Kongo wakati ule. Ilipiga ndege za mizigo zikiwa zimesimama pale Luano, uwanja wetu wa ndege. Ilipiga askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Ayalandi, zaidi ya 150, waliozingirwa Jadotville, Likasi ya leo, na wenzao waliokuja kuwaokoa ikawapiga kwenye daraja la Lufira mpaka wakarudi. Hata Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, safari yake ya mwisho kwenda Ndola, Zambia ya leo, ilikuwa ya usiku na ya kuzunguka mbali kwa hofu ya hiyo Fouga, ndege yake ikaanguka usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba na watu wote 16 wakafa.

Darasa kimya. Hawakujua kama uwanja wanaoonea ndege za kwenda Kinshasa ulipitia mambo hayo.

Saa 2 na dakika 10, uwanjani

Hapa ndipo siku yangu inapokuwa tamu. Nikajaza ndoo lita tatu, nikamwita kijana mwenye mikono mirefu kuliko wote, nikamwambia zungusha juu chini, mzunguko mmoja kila sekunde, mimi napiga makofi wewe unafuata. Wengine wakarudi nyuma wakiogopa kulowa. Akazungusha. Maji hayakumwagika, ndoo ikiwa juu kabisa mdomo chini maji yamekaa tu ndani kama yamegandishwa, na yeye uso umekunjika, analia "Prof, mukono inataka kukatika!"

Nikamwuliza ni uzito gani unausikia ndoo ikipita chini, akasema kama kilo kumi na kitu. Tukapiga hesabu pale pale kwenye mchanga kwa kijiti. Kutoka bega hadi maji ni kama mita moja, mzunguko mmoja kwa sekunde, inatoka karibu mita 39 kwa sekunde mraba, yaani mara nne ya nguvu ya uvutano wa dunia, ongeza ile ya dunia yenyewe ndoo ikiwa chini, ni mara tano. Kilo tatu zimekuwa kilo 15. Mkono wake ulisema kweli kabla ya hesabu.

Sasa nikawaambia, muwe nyinyi ndio maji.

Rubani ameshuka kupiga kitu chini, anaenda kilomita 540 kwa saa, ni mita 150 kila sekunde, anavuta usukani kupanda ili asijigonge ardhini, anachora duara la nusu kipenyo kama mita 500. Mraba wa 150 gawanya kwa 500, mita 45 kwa sekunde mraba. Ongeza ya dunia. Zaidi ya mara tano na nusu. Kichwa chake na kofia ni kama kilo sita, sasa shingo inabeba zaidi ya 30, ni zaidi ya mfuko wa unga wa kilo 25, ule unaobebwa begani sokoni, yeye yuko nao juu ya shingo na hapo hapo anatakiwa ageuke nyuma kuangalia nani anampiga. Mkono hauinuki. Damu inashuka miguuni, na jicho ndilo la kwanza kulia njaa ya damu, rangi zinafifia kila kitu kinakuwa kijivu, halafu pembeni panafunga anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, halafu giza kabisa huku akili bado iko macho. Akiendelea kuvuta, anazimia. Na ndege haizimii, inaendelea kwenda na mtu aliyelala ndani.

Ndiyo maana wanavaa suruali yenye mifuko ya hewa inayojaa yenyewe na kubana mapaja na tumbo, na wanafundishwa kukaza miguu, matako, tumbo, kushika pumzi na kubadilisha haraka kila baada ya sekunde tatu hivi. Nikawafanyisha wote. Watoto 42 uwanjani wamechuchumaa wamekaza wanatoa "hkk! hkk!", mama anayeuza mikate ya mafuta pale ukutani akacheka mpaka akashika sufuria. Baada ya dakika moja tu walikuwa wanatoka jasho. Nikawaambia rubani anafanya hivyo kila anapovuta ndege kwa nguvu, na bado hofu yake iko palepale.

Kwa bahati mbaya mkono wa ndoo ulikatika kwa mwanafunzi wa nne, maji yote yakaenda kwa suruali yangu. Tukaendelea.

Saa 3 na nusu

Hili ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote, nililianzisha mwaka huu. Nilimwomba mlinzi wa shule asimame uani na beleshi begani, mama wa mikate ashike mwavuli uliofungwa, mvulana mmoja wa darasa la chini abebe kipande cha bomba la chuma, na wengine wanne wasimame mikono mitupu. Darasani madirisha yamefungwa. Nikawaambia rubani wetu anaanza kufyatua akiwa mita 900, akifika 400 lazima awe ameshavuta kupanda la sivyo anakufa. Mita 500 kwa mwendo wa 150. Mtu mmoja akasema "sekunde tatu nukta tatu." Ndiyo. Sasa nitafungua madirisha sekunde tatu, nitafunga, na mtaniandikia ni nani uani amebeba silaha.

Nikafungua. Moja, mbili, tatu. Nikafunga.

Kati ya 42, tisa tu waliandika hakuna. Watu 20 walimwandika mlinzi. Kumi na moja waliandika yule mtoto wa bomba. Na wawili, Mungu wangu, waliandika mama wa mikate, huyo huyo wanayekula kwake kila siku! Nilipowasomea hakuna aliyecheka. Msichana mmoja wa mbele alianza kujitetea, "lakini prof mwavuli ulikuwa mweusi, mrefu." Nikamwambia sikukugombeza, ulikuwa umekaa kwenye dawati, shingo yako haina kilo 30, hakuna mtu anakupiga risasi, na bado.

Nikawaeleza na walioruka upande wa Umoja wa Mataifa baadaye, juu sitaki wafikiri kuna rubani aliyepewa macho ya ziada. Waswidi walizirusha wenyewe J 29 zao kutoka kwao hadi huku, zikafika Oktoba 1961, ndege fupi nene, kwao waliiita Tunnan, maana yake pipa. Mtu mmoja ndani, mizinga minne ya milimita 20. Nchi yao haikuwa vitani tangu 1814, vijana wale vita vyao vya kwanza vilikuwa hapa kwetu, wakipiga kambi yao Kamina. Waethiopia walikuja na ndege za vita F-86 Sabre, Wahindi na ndege za mabomu za Canberra. Tarehe 29 Desemba 1962 Waswidi walipiga uwanja wa Kengere pale Kolwezi, mwezi wa mvua kama huu, mawingu yako chini, lazima ushuke sana ndipo uone kitu, na ukishuka sana wa chini naye anakuona.

Saa 4 na dakika 40

Mapumziko. Kuna msichana alihamia kwetu na mama yake wakitokea Goma, haongei sana. Alibaki darasani, akaja mezani. Akaniambia yeye aliiona ile Sukhoi Su-25, ndege ya vita ya jeshi letu, ya tarehe 24 Januari 2023, alikuwa njiani anatoka shule, aliona kitu kimepanda kinaifuata, mwanga, halafu moto kwenye bawa, na ndege ikaenda kutua hivyo hivyo inawaka. Rwanda ilisema imeingia anga yake, Kinshasa ikasema haikuingia, hayo yanajulikana. Swali lake halikuwa hilo. Aliuliza, "Prof, mule ndani alikuwa anafanya nini zile dakika?"

Nikamwambia ninachojua. Su-25 kiti ni kimoja, hana wa kumwuliza. Kiti kimezungushiwa ukuta wa titani kama karai kubwa, injini mbili zimetenganishwa ili moja ikiungua nyingine ivute, imeundwa kwa kupigwa na kurudi. Akisikia pigo, taa nyekundu zinawaka, anasoma joto la injini, anazima mafuta ya upande unaoungua, anaangalia kama usukani bado unasikia, anachagua kuruka na parashuti au kutua, na chini yake kuna mji. Mikono inafanya kile ilichozoeshwa mara mia juu kichwa hakina nafasi. Akasikiliza yote. Akasema, "Sisi tulilala chini." Akatoka kwenda kunywa maji.

Nilikaa pale mpaka kengele ilipogonga.

Saa 7 mchana

Bukari (ugali), sombe (majani ya muhogo), samaki. Vipindi viwili vya darasa la tatu, somo la kawaida la umeme, hakuna cha kusimulia.

Saa 10 jioni, Kamalondo

Kila nikimaliza somo hili napita kwa kambo, ndivyo hapa tunavyomwita mzazi wa mzazi. Septemba 1961 alikuwa na miaka 10, familia yake ni Waluba, walikuwa kwenye ile kambi ya wakimbizi jirani na askari wa Umoja wa Mataifa, makumi ya maelfu ya watu kwenye vibanda vya majani na mabati. Anakunywa munkoyo wake, kinywaji cha mahindi, taratibu, goti limemwuma wiki nzima.

"Ile kandeke ilikuwa inaliaka sawa firimbi," anasema, kandeke ndiyo ndege, na anaitoa kwa meno, sauti nyembamba. "Ukisikia, imekwisha kupita. Mama yangu alinifunika beseni ya kuoshea sombe. Beseni! Njo alikuwa nayo ku mukono." Beseni lenyewe bado lipo, la enameli, ukingo wa bluu uliomenyeka, wanawekea unga. Nililishika tena leo. Ukilibonyeza kwa kidole gumba linaingia ndani.

Nikamweleza jaribio la madirisha. Akauliza mama wa mikate alihesabiwa na wangapi, nikasema wawili. Akanyamaza sana, nikafikiri amesinzia. Halafu akasema, "Mama yangu alikuwa anakimbia na muchi." Ule mchi wa kutwangia, mrefu. Miaka yote hiyo hajawahi kuniambia hilo, kila siku ni beseni tu. Nikauliza kwa nini alikimbia nao, akasema ndicho kitu kingine alichokuwa anatwangia, ulibaki mkononi, nani anakumbuka kuuacha.

Rubani alimwona? Hajui. Risasi zilipita upande wa pili wa vibanda.

Saa 3 usiku

Umeme umekwenda, nasahihisha kwa tochi ya simu. Wengi wamekosea kubadilisha kilomita kwa saa kuwa mita kwa sekunde, nitarudia.

Kambo ameniambia anataka kuja Ijumaa kuongea na watoto mwenyewe, na beseni, na anataka na mchi usimamishwe uani. Kwa hiyo kesho natafuta teksi itakayokubali kuingia hadi mlangoni kwake juu ya lile goti, na asubuhi napita soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, kununua ndoo nyingine, ya mkono wa chuma.