Uso mbaya, fedha safi

Rafiki yangu aliiona reale nane yangu, sarafu ya fedha ya Wahispania iliyogongwa Potosí, Bolivia ya leo, mezani akauliza kama ni kizibo cha soda kilichokanyagwa na lori. Sikumlaumu. Duara haina, pembe moja imekatwa, na zile nguzo mbili za Herkule, nembo ya Hispania, zimelala upande.

Jioni hii nimeiweka chini ya lenzi. PLVS VLTRA, kaulimbiu ya Kilatini yenye maana ya "mbele zaidi", inasomeka katikati, na chini yake 94, yaani 1694. Maandishi ya ukingoni karibu yote yamepotea. Mengine yaliangukia nje ya kipande, mengine yamegongwa mara mbili, herufi moja ikapanda juu ya mwenzake. Muhuri wa juu ulishikwa kwa mkono. Ukisogea kidogo kabla ya nyundo ya pili, ndiyo matokeo yake hayo.

Kule Potosí fedha iliyeyushwa, ikamiminwa kuwa mikuo, ikakatwa vipande, kisha kila kipande kikapunguzwa kwa mkasi mpaka uzito ukubali. Ndipo kikagongwa. Kilicholindwa ni uzito. Sura ilikuwa shauri ya mgongaji na muhuri wake, hata kama muhuri umelika, kwa sababu mfanyabiashara angeiweka kwenye mizani tu.

Si kwamba ubovu wa sura ulikuwa dalili ya uaminifu, la hasha. Mwaka 1649 ililipuka kashfa kubwa: sarafu za Potosí zilikuwa na fedha pungufu kuliko sheria ilivyotaka. Mkaguzi wa usafi wa fedha, Felipe Ramírez de Arellano, aliuawa kwa hilo, na sarafu zilizokuwa mikononi mwa watu zikagongwa alama ya taji na kushushwa thamani. Mwaka 1652 ikaja sura mpya, hii ya nguzo na mawimbi, yenye mwaka mara tatu na herufi ya mkaguzi mara tatu. Mimi nauona ujanja hapo: gonga ovyo utakavyo, jina la mwenye dhamana halikosi kubaki mahali fulani.

Yangu nyingine ni ya Mexico, ya Carlos III, mfalme wa Hispania. Mexico walianza kupiga sarafu za duara kwa mashine mwaka 1732, na ukingo ukatiwa nakshi ili wezi wasiukwangue. Uso wa mfalme ukaja 1772. Ni sarafu nzuri, kila unywele wa mfalme unaonekana. Mwaka huohuo amri ya siri ilishusha usafi wa fedha kutoka 0.917 hadi 0.903, na 1786 ukashuka tena hadi 0.896. Ile iliyodhaniwa kizibo, kwa sheria ya wakati wake, ni 0.931.

Hata Unguja reale hizi za Wahispania zilifika, wazee wakaziita reale za mzinga kwa ajili ya zile nguzo, walizoziona kama mizinga ya vita.

Sasa naitafuta ya 1789 au 1790. Carlos III alikuwa ameshakufa, mihuri ya mwanawe haijafika Amerika, basi wakaandika jina la Carlos IV juu ya uso wa baba. Lima, Peru, walivuka hata hapo: mwaka 1808 walimchongea mfalme mpya, Fernando VII, uso wa kubuni, maana picha yake hawakuwa nayo. Hiyo naitamani zaidi, ila bei yake kwa mfuko wangu bado.