Ndita Zilizobaki Kwenye Plasta

Kabla sijamfunika uso nilimwuliza kama ana hofu ya kubanwa. Akacheka. "Mdogo wangu, mimi nimecheza maiti mara tatu." Alikuwa mwigizaji mzoefu, amenizidi umri kwa miaka zaidi ya kumi, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa natoa kalibu ya uso wa mtu. Nikamwamini. Kwenye mchezo ule alitakiwa awe mzee wa miaka 80, na kazi ya kumzeesha nilikuwa nimeiomba mwenyewe: nitoe nakala ya uso wake, nifinyange ngozi ya uzee juu ya nakala hiyo, kisha nimbandike.

Nikamketisha wima. Ukimlaza mtu, nyama za mashavu huteremkia masikioni, ukapata sura ambayo watazamaji hawataiona kamwe. Kofia ya mpira ikaziba nywele, vaselini ikapakwa kwenye nyusi na kope, nikamrudia maagizo: kidole gumba juu, mambo sawa, mkono mzima ukinyanyuka, nafumua kila kitu hapo hapo. Mirija ya puani sikumwekea, kwa sababu hutanua pua ikaharibu umbo. Heri mtu asimame na kijiti, alinde matundu yale mawili tangu mwanzo hadi mwisho. Kazi hiyo alipewa dada wa mavazi, naye aliifanya kwa makini kuliko mimi nilivyofanya yangu.

Kosa langu lilianzia kwenye maji. Alginati ni unga utokanao na mwani. Ukiukoroga na maji unakuwa uji mzito, na baada ya dakika chache uji huo unaganda ukawa kama mpira laini. Maji baridi hukuongezea muda. Mimi, kwa huruma, nikatumia ya vuguvugu ili asishtuke. Nilipofika kidevuni, kilichobaki bakulini kilikuwa mabonge. Ikabidi nikoroge bakuli la pili mbio mbio, nikijua kwamba alginati mbichi haishikani vizuri na iliyokwisha kuganda, huku yeye yuko gizani anasikia nyayo zangu zikihangaika na sauti yangu ikisema, "Ngoja, ngoja kidogo kaka."

Hapo nikatazama miguu yake. Vidole vilikuwa vimejikunja ndani ya ndara. Kidole gumba cha mkono bado kilikuwa juu, kimekakamaa kama msumari. Nilipaswa kumwuliza upya. Badala yake nikabandika bandeji za plasta, kama zile za kufungia mfupa uliovunjika, tabaka tatu, za kuishikilia alginati isipoteze umbo, nikasubiri zigande.

Kalibu ilitoka nzima. Nikaijaza plasta papo hapo, maana alginati ikiachwa hupoteza maji na kunywea. Kesho yake nilikuwa na uso mweupe mezani, na niliupenda mno. Katikati ya nyusi kulikuwa na ndita mbili, na taya zilikuwa zimebana. Nikajisemea kwamba zitanisaidia. Si anakuwa mzee?

Nilifinyanga wiki mbili. Plastisini, udongo laini wa kufinyangia usiokauka, juu ya plasta: mifuko chini ya macho, mashavu yaliyoporomoka, mapanja yaliyobonyea. Nilibomoa mara mbili kabla ya kuelewa kwamba mikunjo haizeeshi mtu. Kinachozeesha ni nyama kushuka na mfupa kujitokeza. Vitundu vya ngozi nilivipata kwa ganda la chungwa: nililipaka lateksi, yaani mpira wa majimaji, ilipokauka nikaibandua, nikawa na muhuri wenye vipele vya kugandamiza kwenye plastisini. Mistari midogo niliichora juu ya nailoni niliyotandaza, isiwe na kingo kali kama za kisu. Pembeni nilisawazisha mpaka ikabaki nyembamba kama ganda la kitunguu, kwani ukingo mnene ndio unaokuumbua mbele ya taa.

Siku ya kujaribu, ufinyanzi ule ukiwa umeshageuzwa kuwa vipande laini vya jelatini vya kubandika usoni, alikuja ametulia, anapiga soga. Nikabandika kipande cha paji la uso. Katikati ya nyusi kikaacha mwanya. Nikaongeza gundi, kikainuka tena. Akikunja uso, kinakaa sawasawa. Akiulegeza tu, kinavimba hewa. Nilikuwa nimemfinyangia ngozi mtu aliyekunja uso, na mtu huyo hakuwepo pale kwenye kiti.

Akaomba kuiona plasta. Akaitazama kwa muda.

"Huyu jamaa anaogopa nini?"

Sikujibu. Akairudisha mezani taratibu. "Ningekuambia, mngemtafuta mwingine."

Tukarudia wiki hiyo hiyo. Maji baridi, alginati yote imepimwa mapema, na mimi nikimwambia kila hatua kabla ya kumgusa: sasa paji la uso, sasa jicho la kushoto, zimebaki dakika mbili. Vidole vya miguu vilinyooka. Alilegea hadi akasinzia, taya likashuka, alginati ikapenya katikati ya midomo. Midomo ile nilikuja kuichonga upya kwa kisu, usiku kucha, kwa kutazama picha zake. Mpaka leo anakana kwamba alilala.